Waranti Aliyouziwa Mok Teh Saodah

Mok Teh Saodah wa Wakaf Bharu, mji mdogo wa Kelantan, hakuwahi kusoma risiti hata moja maishani mwake. Si kwamba hakujua kusoma. Shule alifika darasa la sita, na Kurani aliihitimu kabla hajavunja ungo. Risiti hakuzisoma kwa sababu aliziona ni kama vifuu vya nazi, takataka zinazobaki baada ya kazi kwisha. Biashara yenyewe kwake ilikuwa maneno mawili. Muuzaji husema, "Nimeuza." Mnunuzi hujibu, "Nimenunua." Yakishatamkwa hayo, mbele ya Mungu na mbele ya yeyote aliyesimama karibu, mali imehama mkono na kila kilichosemwa juu yake kimekuwa ahadi. Hivyo ndivyo alivyonunua samaki kila alfajiri kwa miaka thelathini na minane, na ndivyo alivyouza solok lada, zile pilipili ndefu zilizojazwa samaki na nazi kisha zikapikwa kwa tui. Bibi yake aliuza hivyohivyo, sarafu zikiwa zimefungwa kwenye pindo la nguo. Mtu aliyekudanganya baada ya maneno hayo hakukudanganya wewe peke yako. Watu walilijua hilo na waliliogopa.

Siku hizi hawaogopi. Maneno bado wanayatamka, tena kwa sauti tamu kuliko ya wazee, na wakishayatamka wanakupa kioo cha simu utie saini kwa kidole.

Mok Teh alikuwa na miaka sitini na mitatu, mjane, akiishi peke yake katika nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo kwa sababu ya mafuriko. Binti yake Rohayu aliolewa Johor, mwisho mwingine wa nchi, na alirudi kwa mwaka mara moja akiwa na haraka. Lakini alikuwa na mtoto mwingine, ambaye hakumzaa yeye. Miaka ishirini na nane nyuma, jirani yake Wan Munah alijifungua mtoto wa kiume, siku ya tatu homa ikampanda, maziwa yakakauka. Saodah alikuwa akimnyonyesha Rohayu. Akamchukua mtoto wa jirani, akampa titi moja na Rohayu titi la pili, kwa miezi mitano. Watu wa dini wakathibitisha: Nazmi ni mwanawe wa kunyonya. Hawezi kumwoa Rohayu, anaweza kumbusu mama huyu mkono na kumwona kichwa wazi, bila kitambaa, kama aliyetoka tumboni mwake. Wan Munah alipona, akaishi miaka kumi na moja zaidi, kisha figo zikamuua. Baba naye akavuka mpaka wa nchi kwenda kuoa mjini Narathiwat, asirudi. Tangu hapo Nazmi alikulia jikoni kwa Mok Teh. Sare zake za shule zilinunuliwa kwa pilipili. Alipokuwa mdogo yeye ndiye aliyezichana na kuzitoa mbegu, akajifikicha macho, akalia, na Mok Teh akamwosha uso kwa tui. Akamwita Mok, yaani mama, na hakuna aliyeona ajabu.

Alipokua akapata kazi katika duka kubwa la vyombo vya umeme, lile lenye milango inayofunguka yenyewe, kwenye barabara ya kwenda Kota Bharu. Akavaa shati lenye jina kifuani. Mok Teh alilipiga pasi shati hilo la kwanza kwa mkono wake.

Kabla ya duka hilo, mtu wa Wakaf Bharu aliyekuwa na redio bubu au feni iliyochoka alikwenda kwa Pok Kiat. Huyu, aliyeitwa Pok, yaani baba, kwa heshima ya umri, alikuwa Mchina wa hapahapa, babu wa babu yake amezikwa ng'ambo ya reli, na ukifumba macho usingejua kama anayezungumza ni yeye au imamu. Duka lake lilikuwa mkabala na stesheni ya treni, limejaa matumbo ya redio hadi kwenye dari. Alikuwa na desturi yake. Akikutengenezea kitu, kile kipande kilichokufa alikifunga ndani ya gazeti na kukurudishia, uende nacho nyumbani, ujue kweli amekibadilisha. Kisha alisema, "Kikizima tena kabla ya mwezi wenu wa kufunga, rudi, sitachukua kitu." Hakuwa na karatasi wala muhuri. Ukirudi kabla ya Ramadhani, hakuchukua kitu. Friza ya zamani ya Mok Teh aliiweka hai miaka kumi na saba kwa mtindo huo.

Mwishowe ile friza ya zamani ilioza mabomba, na Pok Kiat mwenyewe ndiye aliyemwambia aizike. Wakati huo alikuwa amekwisha kufunga duka. Watu walikuwa hawatengenezi tena, wanatupa, na vitu vyenyewe vilikuja vimezibwa kwa stika za muhuri kama bahasha za mahakama. Alikaa nyuma ya mlango wa chuma ulioteremshwa, akisoma magazeti yaleyale aliyokuwa akifungia vipande. Akamwonya jambo moja tu.

"Nunua friza, Teh. Wakikuuzia karatasi juu yake, waachie karatasi yao."

Mok Teh akataka kujua karatasi gani, naye akamfafanulia. Kila friza huja na dhamana ya kiwanda, mwaka mmoja, bure. Wenye maduka wana yao ya nyongeza, unailipia, na humo ndimo wanamopata faida kuliko katika friza yenyewe.

"Kitu cha umeme hufa utotoni au uzeeni," alisema. "Utotoni kiwanda kinakulipia. Uzeeni karatasi imeshakwisha. Hapo katikati ndipo wanapokuuzia. Wanakuuzia ujana, na ujana hauugui."

Mok Teh alimsikiliza kwa heshima, kama anavyosikilizwa mtu aliyefungiwa duka na wakati. Moyoni alijua yeye hana la kuogopa. Kwenye duka lile alikuwa na mwanawe.

Nazmi alimpokea mlangoni siku hiyo, akambusu mkono mbele ya wenzake, akamletea kiti. Akamwonyesha friza nyeupe yenye mfuniko wa juu, ndefu kama jeneza la mtu mzima, yenye taa ya kijani na tarakimu zinazoonyesha baridi. Bei yake ringgit elfu moja mia nne na hamsini. Kisha akachuchumaa karibu na kiti chake na kuanza kumweleza habari ya waranti ya nyongeza: ringgit mia mbili na tisini tu, na mwaka mmoja wa kiwanda unakuwa minne.

"Pok Kiat anasema ni karatasi," Mok Teh alimwambia.

"Pok Kiat anatengeneza redio za wakati wa vita vya Mjapani, Mok. Akikiona hiki atakitafutia masafa."

Wakacheka wote wawili. Kicheko hicho Mok Teh alikuja kukijutia kuliko pesa.

Akamuuliza swali moja lililomhusu: ikizima samaki wake wakiwa ndani, je? Nazmi akasema atampigia yeye, si mwingine, na fundi atafika siku ya pili, haipiti ya tatu, na ikishindikana kutengenezwa ataletewa mpya. Akasema hayo huku akimtazama machoni. Kisha akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama wafanyavyo watu wa sokoni, akatamka, "Nimekuuzia, Mok, friza hii na waranti yake. Miaka minne usiwaze kitu."

"Nimenunua," alisema Mok Teh.

Akatia saini kwa kidole kwenye kioo. Karatasi ikatoka kwenye mashine ndefu kama mkanda, Nazmi akaikunja na kumtilia kwenye mkoba. Nyumbani akaitia kwenye kopo la biskuti, pamoja na hati ya kiwanja na cheti cha kifo cha mumewe.

Friza ilifanya kazi miezi kumi na tisa. Mwaka wa kiwanda ulipita salama. Mwezi wa kumi na tisa, siku kumi na mbili kabla ya Ramadhani, Mok Teh aliamka kusali alfajiri akaikuta nyumba imekuwa kimya kwa namna asiyoizoea. Taa ya kijani ilikuwa inakonyeza. Friza haikunguruma. Ndani mlikuwa na kilo sitini za nyama ya samaki, zilizokwisha kuchambuliwa miiba na kusagwa, akiba ya mwezi mzima wa bazaa, yaani soko la futari. Mwezi huo mmoja ulimlisha nusu ya mwaka, kila mtu alilijua hilo, na kibanda chake kilikuwa kilekile miaka yote, cha tatu kutoka lango la msikiti.

Hakufadhaika sana. Alimpigia mwanawe.

Nazmi alikuwa mwepesi kwenye simu. Alimpa namba ya kampuni ya dhamana, iliyoko Kuala Lumpur, akasema na yeye atasukuma kwa upande wake. Kisha akamwonya: "Usiiguse, Mok. Usimwite mtu. Ile stika ya nyuma ikichanika tu, waranti imekufa." Mok Teh akasema haigusi.

Ile namba ilipokelewa na mashine yenye sauti ya mwanamke, ikamtaka abonyeze moja, kisha mbili, kisha asubiri kwa muziki. Baada ya nusu saa mtu akamwandika jina na kumwambia fundi atakuja. Siku ya kwanza ikapita. Alinunua barafu kwa wauza samaki, magunia mawili, akaitandaza juu ya nyama na kuuzungushia mfuniko magodoro. Siku ya pili akanunua magunia manne. Siku ya tatu, ile iliyosemwa kwamba haitapita, ikapita.

Siku hiyo ya tatu jioni Pok Kiat alifika kwa baiskeli. Habari ya Mok Teh kununua barafu ilikuwa imemfikia, maana Wakaf Bharu ni mahali ambapo hata barafu ina masikio. Alipanda ngazi polepole, akavua viatu, akaiendea friza bila kuombwa. Akaweka kiganja ubavuni mwake, kisha sikio. Alikaa hivyo kwa muda kama mkunga. Akasema kompresa ni nzima. Kilichokufa ni kitu kidogo kwenye ubao wa saketi nyuma.

"Nipe nusu saa, Teh."

"Mwanangu amekataza."

"Mwanao ndiye mwenye friza?"

"Ukifungua, waranti inakufa, Pok Kiat. Nimeilipia."

Mzee akaitazama friza, akamtazama yeye. Angeweza kumkumbusha aliyomwambia, wala hakumkumbusha. Alisema, "Haya, subiri basi," akatafuta viatu vyake.

Mtu aliyepita na kuona angemwita Mok Teh mpumbavu. Fundi amesimama jikoni, samaki wanalainika, na yeye anamrudisha. Lakini samaki wangeweza kununuliwa tena, hata kwa kukopa. Alichokuwa akikilinda siku zile ni neno la Nazmi. Kumpa Pok Kiat bisibisi kungekuwa kusema kwamba neno la mwanawe halitoshi, na kusema hivyo mbele ya mtu ambaye walikwisha kumcheka. Hakuweza. Akakaa karibu na friza na kibao cha nazi, akikuna nazi ambazo hakuwa na cha kuzitilia.

Siku ya nne ile nyama ikaanza kunuka. Alichemsha kiasi alichoweza, akagawa kwa majirani, akawapa paka. Iliyobaki, kilo arobaini na ushei, aliifukia nyuma ya migomba kwa jembe, mwenyewe, kwa sababu aliona haya kumwita mtu. Alimpigia Nazmi mara tatu. Mara ya kwanza alisema yuko na mteja. Mara ya pili alisema ameshawaandikia. Mara ya tatu hakupokea.

Fundi alifika siku ya sita. Alikuwa kijana mpole wa Kota Bharu, mwenye simu kubwa na mkoba mdogo. Mok Teh alimkaribisha kama mkwe. Kijana akapiga picha friza mbele, akapiga na nyuma, akaona stika haijachanika, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akageuka na kulitazama jiko: masufuria makubwa matatu, mizani, vikapu vya pilipili mbichi, na bango la plastiki lililokunjwa nusu, limeandikwa SOLOK LADA MOK TEH.

"Kumbe unauza, Mok Teh?"

"Wakaf Bharu nzima inakula hapa," alisema kwa fahari. Alikuwa na pilipili chache alizozipika kwa samaki wabichi wa asubuhi, akamtilia kwenye sahani.

Kijana alikula nne. Akaomba mbili za mkewe, akafungiwa kwenye jani. Kisha akapiga picha masufuria, mizani, vikapu na bango, akashukuru sana na kuondoka. Friza yenyewe hakuifungua.

Baada ya siku mbili ujumbe ukaingia kwenye simu. Dai lake limekataliwa. Waranti ya nyongeza aliyonayo ni ya matumizi ya nyumbani, na ukaguzi umeonyesha chombo kimetumika kwa biashara. Wanamtakia siku njema.

Mok Teh aliamini kwamba wamekosea mtu. Akalifungua kopo la biskuti, akauchukua ule mkanda wa karatasi, lakini maandishi yake yalikuwa madogo kama mayai ya chawa. Akavuka reli kwenda kwa Pok Kiat. Hakujua pengine pa kwenda, na mzee alikuwa na ile lenzi yake ya kufungulia saa. Pok Kiat akaibana jichoni, akasoma kwa sauti, taratibu, bila kuongeza neno lake. Palikuwa na mafuriko, panya, radi, kutu, mambo yote ambayo yangeweza kuipata friza ya Kelantan, na yote hayakulipiwa. Kisha akafika mahali penye visanduku viwili. Kimoja kiliandikwa nyumbani, cha pili biashara. Alama ilikuwa kwenye nyumbani. Chini yake pameandikwa kwamba chombo cha biashara hakiwezi kuwekewa waranti hii kabisa.

"Nani aliweka alama hii?" aliuliza Pok Kiat.

Mok Teh akasema hajui. Hakuna aliyemuuliza chochote kuhusu nyumbani wala biashara.

Mzee akaitoa lenzi jichoni. "Basi aliyeiweka hakuwa na haja ya kukuuliza."

Mtu aliyelelewa kwa pilipili zile, aliyezichana mpaka akalia, alikuwa amesimama mbele ya mashine na kuandika kwamba bibi huyu hagandishi ila chakula cha nyumbani. Mok Teh alikaa kwenye kigoda cha duka lililofungwa, treni ya Tumpat ikapita, akasubiri kelele zake ziishe. Aliuliza kama labda kidole chake mwenyewe ndicho kilichobonyeza vibaya. Pok Kiat akasema labda. Alikuwa mkweli katika mambo ya umeme tu.

Kesho yake akaenda dukani. Alivaa baju kurung, vazi lake refu la harusi za watu, kwa kuwa hakutaka kuonekana amekuja kuomba. Nazmi alikuwa na wateja, mume na mke wa makamo, watu wa shamba, mbele ya televisheni pana kama mlango. Mok Teh akasimama nyuma ya safu ya mashine za kufulia, asimkatize. Akaona jinsi alivyochuchumaa karibu na yule mama. Akamwona anasimama, anamshika yule mume mkono kwa mikono miwili. Akasikia.

"Nimekuuzia, Pok, televisheni hii na waranti yake. Miaka minne usiwaze kitu."

Ilikuwa sauti ileile. Hata pumzi aliyoivuta kabla ya kusema miaka minne ilikuwa ileile.

Wale wakatia saini, wakaenda. Nazmi akageuka akamwona, akatazama huku na huku, akamvuta kando. Alianza kwa kumlaumu taratibu kwa kumwonyesha fundi bango. Angemwambia mapema kwamba fundi anakuja, alisema, angemsaidia kuficha masufuria. Mok Teh akamuuliza ni nani aliyeweka alama kwenye kisanduku.

"Mimi, Mok. Nikiweka biashara, mashine inakataa kuuza."

"Na ulijua nauza."

"Kila mtu anaweka nyumbani. Wenye migahawa, wenye saluni. Nyingi haziharibiki, hakuna anayegundua." Akateremsha sauti. "Ilikuwa tarehe thelathini, Mok. Nilikuwa nimebakiza waranti moja kutimiza za mwezi. Wangenihamishia Gua Musang, mbali huko bara, na Syikin alikuwa na mimba ya miezi minane. Nikasema, Mok hatanikatalia. Wewe ndiye mtu pekee nisiyehitaji kumbembeleza."

Alilisema hilo la mwisho kama sifa. Labda kweli aliliona ni sifa. Mok Teh akamwambia kwamba angemwomba zile mia mbili na tisini, angempa, bila karatasi. Nazmi akasema anajua. Akasema na yeye angeona haya kuomba.

"Na yale maneno?"

"Maneno gani, Mok?"

"Nimekuuzia."

Nazmi alitazama nyuma. Mwenzake alikuwa akimwita kwenye kaunta.

"Tunafundishwa, Mok," alisema. "Wazee hawatii saini bila kuyasikia. Yamo kwenye mafunzo ya wiki ya kwanza. Kuna na jinsi ya kushika mkono."

Mok Teh alitamani angekuwa amesema kitu kingine, hata uongo. Kisanduku kile angeweza kumsamehe. Tarehe thelathini ni tarehe thelathini, na mimba ni mimba. Lakini akaona maneno ya bibi yake yameandikwa mahali fulani Kuala Lumpur, katika kitabu cha kufundishia vijana kuuza, kati ya ukurasa wa jinsi ya kutabasamu na ukurasa wa jinsi ya kuvaa. Mtu aliyeyaandika hana hata haja ya kuyaamini. Na aliyetumwa kuyatamka mbele yake ni mtoto aliyemnyonyesha. Pok Kiat, mwenye sanamu ya miungu yake na udi wake ukutani, alipouza redio kuukuu alikuwa akiyasema maneno hayohayo kwa heshima ya mteja, na kila alipoyasema aliyatimiza.

Akamwambia Nazmi aende, anaitwa kaunta. Akatoka kwenye ile milango inayofunguka yenyewe.

Siku ileile alimwita Pok Kiat. Mzee alichana stika kwa ukucha, akaondoa bati la nyuma, na baada ya dakika ishirini friza ikanguruma. Kilichokuwa kimekufa kilikuwa kipande cheusi kisichozidi punje ya hindi. Alikifunga katika gazeti akampa, akachukua ringgit thelathini na kikombe cha kahawa. Mok Teh akakipima kile kipande kiganjani, akazikumbuka kilo arobaini zilizolala chini ya migomba, akaenda kuosha masufuria.

Aliingia bazaa siku ya tisa ya Ramadhani, na samaki wa mkopo. Kibanda cha tatu kutoka lango la msikiti kilikuwa kimepewa mtu wa maandazi ya Kikorea. Yeye akapewa mwisho, karibu na jenereta. Wateja wake wa zamani walimtafuta, baadhi wakampata. Nazmi hakupita. Walioulizia habari za friza, Mok Teh aliwajibu kwamba ilikuwa na hitilafu ndogo imetengenezwa. Hakumtaja mwanawe kwa mtu yeyote, na Rohayu alipopiga simu kutoka Johor hakumwambia pia. Mtu huficha aibu ya mtoto wake hata kama yeye ndiye aliyeaibishwa.

Siku ya Idi, baada ya sala, Nazmi alikuja na mkewe Syikin na kitoto chao cha mwaka mmoja na ushei, wote wamevaa rangi ya kijani ya namna moja. Walizunguka nyuma ya nyumba. Watoto wa nyumba huingia kwa ngazi ya jikoni, huvua viatu karibu na mtungi na kufunua masufuria kabla hata ya kuamkia. Wageni hupanda ngazi ya mbele. Mok Teh aliwasikia wakikanyaga kipago cha kwanza. Akachungulia dirishani.

"Piteni mbele," alisema. "Mbele ndiko nilikotandika."

Syikin alidhani jiko limejaa, akacheka na kugeuka na mtoto. Nazmi alibaki na mguu mmoja kwenye kipago. Mok Teh alimwona anaelewa. Kisha akashuka, akaifuata familia yake, akaizunguka nyumba kwa nje, upande wa migomba, hadi ngazi ya wageni.

Aliwakalisha kwenye viti vya ukumbini. Akawaletea biskuti za dukani kwenye sahani za kioo, na sharubati katika bilauri ndefu ambazo huteremshwa kabatini kwa ajili ya diwani na wakwe. Akauliza habari za kazi. Akauliza habari za barabara, kama magari yalikuwa mengi. Nazmi akajibu magari yalikuwa mengi. Ilikuwa Idi ya kwanza tangu apate meno ambayo hakula solok lada.

Walipoinuka, Nazmi alipiga magoti mbele yake kama ilivyo desturi ya siku hiyo, akambusu mkono, na kumwomba radhi kwa yote aliyomkosea, ya dhahiri na ya moyoni. Sauti ilimkatika katikati, na haikuwa sauti ya dukani. Mok Teh aliijua tofauti.

"Nimesamehe," alisema, kama anavyosema kila mtu kwa kila mtu siku ya Idi.

Akamtilia mtoto ringgit kumi katika bahasha ya kijani, akawasindikiza hadi ukomo wa ngazi, jambo ambalo hufanyiwa wageni. Walipofika barabarani Nazmi aligeuka kutazama. Mok Teh alikuwa bado amesimama mlangoni, amejifunga kitambaa chake vizuri kichwani, anawapungia mkono.